Waliotokea kwa Fundi wa Suti

Kwa miaka yote niliyompigia taipu, nilizijua habari za tumbo la Bwana Ramani kuliko za tumbo langu mwenyewe. Nilijua lina vidonda, kwamba maharagwe yaliliudhi, na kwamba daktari mmoja alilibonyeza akatikisa kichwa asiseme neno. Nilijua alivyofukuzwa chuoni huko ng'ambo kisha akarudishwa, alivyokuwa akikoroma hadi mkewe akahamia chumba cha watoto, na jinsi alivyomwogopa mama mkwe wake. Haya hakuyanong'ona. Aliyamwaga mbele ya yeyote aliyeketi kwenye benchi letu kungojea, awe mteja, awe muuza mayai. Lakini ukimwuliza, "Mzee, yule bwana aliyetoka sasa hivi anajenga wapi?" alikutazama kama mtu ambaye hajapata kusikia kwamba duniani kuna ujenzi.

Sitasema alizaliwa wapi wala babake alikuwa nani. Alikuwa mtu wa pwani, hilo linatosha. Zaidi ya hapo kila aliyemjua ana hadithi yake, na hadithi zote alizitoa yeye. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba. Watu wa mjini, ambao jina la taaluma yake liliwakaa vibaya mdomoni, walimwita Bwana Ramani, naye akaitika.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili katikati ya mji, upande ule unaoteremkia Ngara. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila aliyepata cheo alitaka nyumba ya kukiweka. Wakaja. Walikuja wa kujenga Karen, penye viwanja ambavyo ukimwita mtu getini hakusikii, na walikuja wa vyumba viwili vya kupangisha Dagoretti. Wote Bwana Ramani aliwaketisha chumbani kwake, akafunga mlango, akawauliza maswali ambayo hata kasisi wangu hajapata kuniuliza. Nani anakoroma? Nani anaamka usiku, na kwa nini? Mgeni gani hutaki alale? Ukigombana na mkeo unakwenda kukaa wapi? Mteja akisitasita, alimwambia, "Mficha uchi hazai, bwana, na mficha ugomvi hajengi."

Basi mtu alifunguka. Na kwa kuwa Bwana Ramani, fundi wa kuta za watu, alikuwa ameitenga ofisi yake na yetu kwa ubao mwembamba tu, kila jambo lilipokuwa zito aliinuka akaipandisha redio. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba jambo limekuwa zito. Mteja akiingia na redio ikabaki chini, tuliendelea na kazi. Redio ikianza kupiga kelele za bei ya mahindi, sote tuliinua vichwa, na mchoraji wetu aliacha kalamu akasema, "Haya, huyu ana wa pili." Nilimweleza Bwana Ramani kwamba redio yake inatangaza kuliko mdomo. Alinishukuru sana. Kuanzia siku hiyo aliipandisha zaidi.

Halafu kulikuwa na majina. Jina la mteja halikutajwa ofisini, wala halikuandikwa juu ya faili. Kila mteja alipewa samaki. Mimi natoka Mutuini, na wakati ule kwetu samaki alihesabiwa ndugu wa nyoka, lakini nilijifunza kusema kwenye simu bila kucheka, "Mzee, Nguru anauliza kama ngazi itageuzwa." Shida ni kwamba Bwana Ramani hakuweza kujizuia. Aliwapa watu samaki waliofanana nao. Papa alikuwa papa kweli, nyumba yake iliwameza majirani wawili. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja mnene, mwenye midomo mikubwa, aliyeitwa Chewa. Siku moja mheshimiwa huyo alisafiri kwenda Mombasa, akapelekwa sokoni, akamwona chewa amelazwa juu ya meza amefumbua kinywa. Aliporudi alipanda ngazi zetu zote bila kupumzika. Bwana Ramani alimpokea kwa mikono miwili, akamweleza habari za tumbo lake kwa muda mrefu sana, na mheshimiwa akaondoka amesahau alichokuja kukasirikia.

Sheria nyingine ilikuwa ya barabarani. "Binti," aliniambia juma nililoanza kazi, "ukimwona mteja nje, asipokuamkia usimwamkie. Huenda amesema yuko Nakuru." Niliishika sheria hiyo hadi kwetu Mutuini wakasema kazi ya mjini imenipandisha pua. Mama yangu alinitetea. Alisema hata kabla ya kazi nilikuwa hivyo.

Usidhani usiri wake ulikuwa bila hasara. Kuna mteja mmoja wa Karen, sasa ni marehemu na nyumba imekwisha kuuzwa, ambaye hakulala chumba kimoja na mkewe, na hakutaka wakwe wajue, wala watumishi. Ramani lazima ipitie mikononi mwa wengi: ofisi za jiji, mkandarasi, mafundi. Kwa hiyo Bwana Ramani alikichora chumba cha mteja vizuri, pembeni, kimetulia, kisha juu yake akaandika "Stoo". Mkandarasi alikuwa mtu mwaminifu aliyeheshimu maandishi. Alijenga stoo. Haikuwa na dirisha, na ilikuwa na rafu za saruji hadi juu. Inasemekana mwenyewe alilala humo vivyo hivyo, kitanda kimebanwa katikati ya rafu, mlango wazi apate hewa, na wakwe wakimpita wakienda msalani. Nani alisema, sijui. Si mimi. Ila ikafika mahali wanaume wa mjini wakikutana wanaulizana kwa kicheko, "Wewe kwako una stoo ngapi?"

Ukimwambia haya, alijibu kwa neno lake moja alilolipenda: "Nyumba ina kuta ili watu wasione. Wewe uliyezichora usiwe dirisha." Nilikuwa nikimkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja, na hadi leo sijaamua kipi kilizidi.

Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa mlango. Hakutaka wateja wakutane ngazini. Nyuma ya chumba chake kulikuwa na ngazi nyembamba ya chuma iliyoteremka hadi nyuma ya duka la fundi wa suti, na fundi alikubali watu wapitie kwake, kwa sababu ilimpa sura ya mtu mwenye wateja wakubwa. Aliyekuja kuchorewa nyumba aliingia kwetu kwa mlango wa mbele akatokea barabarani kwa fundi, amejipangusa mabega kama aliyetoka kupimwa koti. Fundi alipata sifa mji mzima. Hakuna aliyejiuliza kwa nini waheshimiwa wote wale bado wanavaa suti zilizochakaa viwiko.

Ujanja ule ulikuwa na kasoro moja, nayo ilionekana siku alipokuja Mama Blanketi.

Yeye alikuwa na duka la blanketi na vitambaa huko Ngara. Nayasema yake leo kwa ruhusa yake. Wakati ule hata kwa mama yangu nisingeyasema. Alikuwa na mume mcheshi, mpenda watu, aliyekwisha kuuza viwanja vyake viwili. Cha kwanza kilinunua lori, na lori likafia njiani. Cha pili kilikwenda kwenye kampeni za udiwani, na kura zikafia njiani vilevile. Sasa, kwa faida ya blanketi, mama huyu alikuwa amenunua kipande cha tatu kwao Mutuini, akakiandikisha kwa jina la mamake mzazi, na alitaka nyumba ya vyumba vya kupangisha, ili watoto wasome hata duka likianguka.

Siku hiyo redio haikufua dafu, kwa sababu alisema kwa sauti kubwa. "Mzee, hii bwana yangu akijua, imeenda. Atakuja na maneno yake matamu na thumbprint ya mama yangu, ile alama ya kidole, itapatikana. Na mimi sina nguvu ya kununua ya nne. Nitalala kwa duka na watoto wangu mpaka nife."

Bwana Ramani alimpa jina Dagaa. Niliona ni dharau kwa mama mzima, nikamwambia. Akasema, "Dagaa ndiye anayepita kwenye wavu, binti."

Kila alipokuja alitokea kwa fundi. Na hiyo ndiyo kasoro: fundi wetu alishona suti za wanaume tu. Mwanamume akitoka pale hana shida. Mwanamke mwenye duka lake, akionekana anatoka kwa fundi wa suti za wanaume mara ya kwanza, mara ya pili, watu wanaanza kujiuliza suti inashonewa nani. Swali hilo likatembea hadi Ngara.

Mumewe alikuja asubuhi moja, amevaa kofia ya kampeni zake. Kumbe alipitia kwanza kwa fundi, na fundi, ambaye hakuwa na sheria zozote, alimwonyesha ngazi.

"Hapa ni nini?" aliniuliza. "Bibi yangu ameonekana akitoka hapo chini kwa fundi ya suti. Na mimi sijashonewa suti. Sasa mimi nauliza, hiyo suti ni ya nani? Fundi anasema si mtu yake, ni mtu ya juu."

Bwana Ramani alitokea mwenyewe. "Karibu, ndugu yangu, karibu. Keti. Wewe tumbo halikusumbui?" Akaanza. Nilivuta pumzi, kwa sababu hakuna mwanamume niliyepata kumwona akistahimili hadi mwisho wa vidonda. Wengi waliaga kabla hajafika kwenye choo. Huyu hakukaa. Alizunguka chumba akitikisa kichwa kwa adabu, "Pole, mzee, pole sana," akaufikia mlango wa ndani, akaingia, na sisi nyuma yake. Juu ya meza ilikuwa imetandazwa ramani ya Dagaa. Alikuwa mtu wa kutazama ramani kama wengi wanavyozitazama, anaona mistari tu. Lakini kusoma alijua. Akaweka kidole pembeni.

"Mutuini," akasema. Kidole hakikuondoka. "Hii nyumba ya Mutuini ni ya nani? Bibi yangu kwao ni huko."

 Nilikuwa nimeisikia sauti ya yule mama akizungumza juu ya kulala dukani. Redio ilikuwa imepandishwa kama kawaida. Bwana Ramani aliiendea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaizima.

"Ni yangu," akasema. "Naoa."

"Ati?"

"Mke wa pili. Mtoto wa huko huko Mutuini. Bibi yako ndiye ananiuzia blanketi za nyumba hiyo, nami nampitisha nyuma kwa sababu mke wangu akijua, wallahi ndugu yangu, atanichinja. Sasa wewe umenikamata. Nisitiri."

Yule bwana alimtazama, akaitazama ramani, akamtazama tena. Uso wake ukafunguka wote. "Haiya! Mzee! Na hiyo umri yako?"

"Ndiyo maana naharakisha."

Alicheka hadi akashika meza. Akamkumbatia. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Hii siri imeenda kaburi. Mimi na wewe tu." Akateremka kwa ngazi ya mbele akipiga mluzi, na ameshasahau suti.

Haikwenda kaburini. Ilipitia baa mbili na kinyozi mmoja, ikavuka barabara, na kabla juma halijaisha ilikuwa imefika Ngara kwenye nyumba ya Bwana Ramani mwenyewe. Nasi tukaletewa marobota ya blanketi ofisini, kwa sababu uongo ulihitaji ushahidi. Mchoraji wetu alikalia la kwake hadi alipoacha kazi.

Mke wa Bwana Ramani alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, amejifunga buibui vizuri, na alisimama mbele ya mashine yangu bila kuketi. Bwana Ramani alipotoka, hakumwamkia. Alimwuliza neno moja mbele yetu sote: "Yupo au hayupo?"

Nilimwomba Mungu amwambie hayupo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini mkewe alikuwa akinunua vitambaa katika duka lile lile la blanketi, na asingeishia hapo; angeuliza basi nyumba ni ya nani. Bwana Ramani, aliyekuwa na maneno elfu juu ya maini yake, alitazama chini akasema, "Hilo si langu kulisema, bibi."

Alilichukua kama mtu yeyote angelichukua. Akaenda kwao Mombasa na mabegi yake.

Nilimvamia Bwana Ramani siku hiyo. Nilimwambia hana akili, na hilo silijutii. "Si umwambie yeye peke yake? Yeye si mtu ya kusema!"

"Nikimwambia yeye kwa sababu ni wangu," akanijibu, "wewe utamwambia wako kwa sababu ni wako. Na mchoraji atamwambia wake. Kisha tutakuwa tumebaki na nani wa kumficha?"

"Na ndoa yako, Mzee?"

"Ile ni mali yangu. Naweza kuitumia."

Nililia chooni kwa hasira. Alirudi kwenye meza yake, akampa mteja aliyefuata habari za jinsi mke wake alivyomkimbia kwa ajili ya kukoroma.

Kwetu Mutuini nyumba ilipanda, tofali kwa tofali, nami nikipita mbele yake kila asubuhi kwenda kwenye basi, macho mbele, bila kuamkia mtu. Mamake Mama Blanketi alihamia chumba cha mbele. Mume wa Mama Blanketi alikula Krismasi humo mwaka baada ya mwaka, akimsifu mjomba wa mkewe, kwani aliambiwa nyumba ni ya huyo, kwa kujenga vizuri, na kila alipokuja aliuliza majirani kwa sauti ya kunong'ona iliyofika barabarani: "Na yule bibi mdogo ya Bwana Ramani, anakaa nyumba gani?" Mutuini nzima ikawa inamtafuta bibi huyo. Watoto wa Mama Blanketi wakasoma.

Mke wa Bwana Ramani alirudi baada ya mwaka na ushei. Hakusema kwa nini, wala hakuuliza tena. Bwana Ramani alilalamika ofisini, miongoni mwa malalamiko yake mengine, kwamba tangu arudi anampa chai isiyo na iliki. Hatukutia maanani. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kugundua kwamba vidonda vyake vilikuwa vikihama kutoka kulia kwenda kushoto kufuatana na mteja, na kwamba mama mkwe aliyemwogopa alikuwa amefariki mara mbili. Nilimwuliza siku moja kama kuna lolote la kweli katika hayo yote. Akasema, "Tumbo ni la kweli. Ninalo."

Ofisi ilifungwa miguu ya mzee ilipochoka na ngazi. Mimi nikapata kazi kwingine. Ilipita miaka kabla sijakwenda kumwona, kwenye fleti yao Ngara, nimebeba ndizi kutoka shambani kwetu.

Alikuwa amepungua sana, amewekwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alifurahi kuniona. Alinieleza habari za figo, ambazo zilikuwa mpya, na katikati ya figo ya pili akasinzia. Mkewe alileta chai. Niliona ameleta birika mbili. Kutoka ya kwanza alinimiminia mimi, nayo ilinukia iliki hadi ukutani. Ya pili aliiweka karibu na kiti cha mzee, ikimngojea aamke. Kumbe, nikajiambia, hili lilikuwa kweli.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni. Akaushika ubao wa mlango, akaniambia kwa sauti ile ile ya upole:

"Mwanangu, leo nataka kukuuliza, maana sisi sote tumezeeka. Kule ofisini mwanamke ulikuwa peke yako. Na kwenu ni Mutuini."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na damu ikanipanda usoni. Miaka yote ile! Kila birika ya chai isiyo na iliki ilikuwa na mimi ndani yake.

"Si mimi, Mama! Haki ya Mungu, si mimi!"

"Basi ni nani?" akauliza. "Yupo au hayupo?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mume wa Mama Blanketi nilikuwa nimemwona juma lile lile, mzima, mcheshi, bado anatafuta kitu cha kuuza, na mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuwa kipofu na kidole cha kutia sahihi bado anacho. Mtoto wa mwisho alikuwa bado shuleni. Nilimtazama mwanamke huyu niliyemhurumia kuliko mtu yeyote katika kisa chote, nikafungua kinywa, na kilichotoka sikukipanga.

"Mama," nikasema, "mimi siku hizi tumbo hili linanisumbua. Vidonda. Vilianza huku kulia, sasa vimekuja kushoto. Maharagwe siwezi hata kuyaona. Na bwana yangu anavyokoroma, nimehamia chumba ya watoto..."

Aliniangalia. Niliendelea, kwa sababu sikujua namna ya kuacha; nilikuwa nimefika kwa daktari aliyetikisa kichwa wakati mabega ya mama huyu yalipoanza kutikisika. Alicheka akiziba mdomo kwa ncha ya leso, asimwamshe mzee, akacheka hadi machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukoma upesi.

"Nenda mwanangu," akasema mwishowe. "Nenda salama. Hayupo."

Akafunga mlango. Nilikuwa bado ngazini nilipousikia mchi, ndani, ukitwanga iliki.